Mvua na baridi: Chagua tairi la baiskeli litakalokulinda

Mvua za masika zinaponyesha kati ya Machi na Mei, na zile za vuli kati ya Oktoba na Desemba, mamilioni ya watu hawana budi kwenda kazini, shambani, sokoni na shuleni kama kawaida. Wengi wao huenda kwa baiskeli. Kisha hufuata ile baridi ya Juni hadi Agosti ambapo Limuru, Kinangop, Molo na Kericho huamkia ukungu na manyunyu, na barabara hushinda zikiwa zimelowa.

Katika majira haya mwendesha baiskeli huteleza kwa urahisi. Kuteleza kwenyewe huchukua nukta moja tu, lakini mkono uliovunjika huweza kuchukua wiki sita au zaidi kupona. Kwa mtu anayetegemea mikono yake kulima, kushona au kubeba abiria, hizo ni wiki sita za nyumba kukosa unga. Ndiyo sababu leo ukurasa huu wa afya unazungumzia kitu ambacho aghalabu huachiwa fundi pekee, yaani tairi la baiskeli.

TAIRI LA UPEPO LILIANZA KAMA JAMBO LA AFYA

Zamani baiskeli zilikuwa na magurudumu ya mbao na chuma, au ya mpira mgumu usio na upepo. Waendeshaji walitikiswa hadi mifupa ikauma. Mwaka 1845 Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo huko Uingereza, lakini halikuenea. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi kama hilo baada ya kumtengenezea mwanawe, ambaye baiskeli yake ya magurudumu matatu ilikuwa ikimrusharusha kwenye barabara ya mawe.

Kwa hiyo upepo ndani ya tairi haukuwekwa ili baiskeli ipendeze. Uliwekwa kuukinga mwili. Hadi leo tairi lina kazi mbili za afya: kushika barabara usianguke, na kumeza mitikisiko kabla haijafika mikononi na mgongoni.

MVUA HUFANYA NINI BARABARANI?

Sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni ndogo sana, haizidi upana wa vidole vichache. Uhai wako wote umekaa juu ya sehemu hizo mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Maji yakiingia kati ya mpira na lami, mshiko hupungua.

Hatari kubwa huwa katika mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mafuta ya magari, vumbi na kinyesi cha mifugo huchanganyika na maji kidogo na kuwa utelezi mtupu. Jihadhari pia na mistari ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma vya mitaro, reli, na pale barabara ya marram inapoungana na lami, kwani magari huacha tope hapo. Usipite katika dimbwi usilolijua kina chake, kwa sababu huenda limeficha shimo.

JE, MENO MAKUBWA NDIYO USALAMA?

Watu wengi huamini kwamba tairi lenye meno makubwa ndilo bora kwa mvua. Wazo hili limetokana na magari. Tairi la gari ni pana na bapa, na gari likienda kasi tairi huweza kuelea juu ya maji. Mifereji iliyo kwenye tairi la gari ni ya kuyaondoa maji hayo.

Tairi la baiskeli ni jembamba, lina mgongo wa mviringo, na upepo wake ni mkali kuliko wa gari. Hupasua maji lenyewe, na kwa mwendo wa kawaida wa baiskeli haliwezi kuelea. Kwa hiyo kwenye lami iliyolowa, tairi lenye mgongo laini au meno madogo hushika vizuri kuliko lenye meno marefu, maana mpira mwingi zaidi hugusa lami. Meno marefu hujipinda unapokata kona, na baiskeli huhisi kama inakuponyoka.

Hata hivyo, usichanganye tairi lililoundwa laini na tairi lililoisha likawa kipara. La kwanza lina mpira mnene na mzima. La pili limebakiza ngozi nyembamba, na kigae kidogo au mwiba utalipasua papo hapo, labda ukiwa mteremkoni.

CHAGUA KWA KUFUATA NJIA YAKO

Kabla ya kununua, jiulize: kati ya kilomita zote ninazopita kwa wiki, ngapi ni za lami na ngapi ni za udongo?

Kama unapita lami tupu, kwa mfano mjini Nairobi, Nakuru au Kisumu, chukua tairi laini au lenye meno mafupi yaliyokaribiana.

Kama njia yako ni ya marram na udongo mwekundu, kama ilivyo sehemu nyingi za Kisii na eneo la Kati, meno yana kazi. Kwenye tope hakuna kitu kigumu cha mpira kushika, hivyo meno huzama na kung'ang'ania. Tafuta yaliyoachana kidogo ili tope lidondoke.

Kama unaishi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama vile nyanda za Kano au Mwea, jua kwamba hakuna tairi litakaloushinda ukilowa. Udongo huu hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka. Teremka, usukume baiskeli kupitia kwenye nyasi kando ya njia. Kushuka si aibu.

Pwani penye mchanga, upana wa tairi una maana kuliko meno yake. Tairi pana lenye upepo wa wastani halizami upesi.

Kwa njia mchanganyiko, ambayo ndiyo ya wengi wetu, tafuta tairi lenye mstari laini katikati na meno pembeni. Ukiwa kwenye lami unategemea katikati. Ukiingia topeni, meno ya pembeni hushika.

Wasomaji wenye jamaa katika nchi za theluji wanaweza kuwaeleza kwamba kanuni ni hiyo hiyo. Katika mji wa Oulu nchini Ufini, watu wengi huendesha baiskeli hata wakati wa theluji. Kwenye barafu, meno ya mpira pekee hayafai kitu, na wanaohofia barafu hufunga matairi yenye vijiti vidogo vya madini magumu vinavyochoma barafu. Huko na huku, ardhi ndiyo inayokuchagulia tairi.

SOMA NAMBA KABLA YA KULIPA

Pembeni mwa tairi kuna namba. Ile baiskeli kubwa nyeusi inayojulikana kama Black Mamba kwa kawaida hutumia tairi la 28 x 1½. Baiskeli nyingi za milimani hutumia 26 x 1.95 au zaidi kidogo. Namba ya kwanza ni kimo cha gurudumu na ya pili ni upana, zote kwa inchi.

Lakini tahadhari! Matairi mawili yanaweza yote kuandikwa 26 na yasiingiliane. Tairi la 26 x 1.95 hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Lile la 26 x 1⅜, ambalo hupatikana kwenye baiskeli nyingi za mitumba, hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Kwa sababu hiyo kuna namba nyingine iliyo sahihi zaidi, mfano 50-559 au 40-635. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha ringi, kwa milimita. Namba ya pili ya tairi jipya lazima ilingane kabisa na ya tairi la zamani. Tairi lililolazimishwa kuingia huweza kuchomoka ukiwa mwendoni.

Kuhusu upana, ukiwa na nafasi kati ya tairi na fremu, chagua pana kidogo. Tairi pana hutumia upepo mdogo, hushika vizuri na hupunguza mitikisiko. Acha nafasi ya kidole pande zote ili tope lipite.

UPEPO: DAWA ISIYOGHARIMU PESA NYINGI

Huenda huna uwezo wa kununua tairi jipya mwezi huu. Lakini upepo unaweza kuurekebisha leo.

Tairi lililojazwa kupita kiasi huwa kama jiwe. Hurukaruka badala ya kushika, na mitikisiko yote hupanda mikononi. Mtu anayeendesha kwa saa nyingi huanza kuhisi ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kiganjani hubanwa na kugongwagongwa na usukani. Mgongo wenye maumivu nao huzidi kuuma. Kwa upande mwingine, tairi lenye upepo mdogo mno hulegalega kwenye kona, na likigonga shimo tyubu hubanwa na ringi na kutobolewa mashimo mawili yanayofanana na jeraha la kuumwa na nyoka.

Kipimo cha upepo huandikwa kwa PSI pembeni mwa tairi. Usizidishe kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa hapo. Kwa mtu mmoja wa kilo 65 hadi 70 asiye na mzigo, unaweza kuanza hivi: tairi la 28 x 1½ lipewe takriban 40 hadi 45 mbele na 50 hadi 55 nyuma. Tairi la 26 x 1.95 lipewe takriban 35 mbele na 40 hadi 45 nyuma. Nyuma huzidi kwa sababu ndiko uzito mwingi ulipo. Siku ya mvua punguza kama 5 kila upande, mradi usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa. Ukibeba abiria au gunia, ongeza nyuma, lakini usivuke kiwango cha juu.

Kama huna kipimo, bonyeza tairi kwa kidole gumba kabla ya kupanda. La nyuma libonyee kwa shida, la mbele libonyee kidogo zaidi. Ukijaza upepo kwenye kituo cha petroli, jaza kidogo kidogo huku ukibonyeza, kwani mashine ile ni ya magari na inaweza kupasua tairi la baiskeli kwa muda mfupi sana.

TAIRI ZURI LIWE MBELE

Tairi la nyuma huisha upesi, kwa hiyo watu wengi hununua moja jipya na kulifunga nyuma. Wakati wa mvua, huo si mpango mzuri. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi bado unaweza kuweka mguu chini na kujiokoa. La mbele likiteleza, usukani huondoka na unakuwa chini kabla hujafikiri. Mwambie fundi alihamishie tairi la mbele nyuma, kama bado ni zima, kisha lile jipya alifunge mbele. Ukubwa ukiwa mmoja hakuna shida.

Likiwa na mshale pembeni, mshale huo uelekee gurudumu linakozungukia unapoenda mbele.

UKAGUZI WA DAKIKA TATU KILA WIKI

Futa tope. Zungusha gurudumu polepole na utazame. Nyuzi zikionekana, tairi limekwisha. Ukiona uvimbe kama jipu, usiendeshe hata kufika dukani. Nyufa ndogo ndogo pembeni zinaonyesha kwamba mpira umezeeka. Hili huonekana sana kwenye baiskeli za mitumba zilizokaa ghalani muda mrefu: meno yapo yote lakini mpira umekauka na kushika kwake ni hafifu. Ng'oa vigae na miiba midogo kabla havijafika kwenye tyubu.

Usisahau breki. Tairi bora halitakusaidia kama gurudumu halisimami. Ringi za chuma kinachong'aa zikilowa, mipira ya breki huteleza na baiskeli huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Gusa breki kidogo mapema ili ufute maji kwenye ringi, kisha ndipo ukaze. Usikaze ukiwa katikati ya kona. Siku za baridi vaa kitu mikononi, maana vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kubana breki.

MVUA IKIZIDI, FANYA MAZOEZI NDANI

Wapo wanaoendesha baiskeli kwa maagizo ya daktari, kama vile wenye shinikizo la damu au kisukari. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mvua ya wiki mbili isiwe sababu ya kuacha.

Njia moja ni kufunga baiskeli kwenye kifaa chenye roli ya chuma inayobanwa dhidi ya tairi la nyuma. Hapa tairi laini ndilo linalofaa. Lenye meno hupiga kelele, hutikisa nyumba na huisha upesi. Lifute likauke kwanza, ulijaze upepo, na ukaze roli kiasi cha kutoteleza.

Kuna matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya roli pekee. Mpira wake ni mgumu ili ustahimili joto, na kwa sababu hiyo haushiki barabara. Ukinunua baiskeli ya mtumba na kukuta tairi limeandikwa kuwa ni la mazoezi ya ndani tu, lisiguse lami, hasa lami iliyolowa. Vivyo hivyo, tairi la kawaida ambalo roli imelisaga likawa bapa katikati libaki ndani.

Usijaribu kupanda baiskeli iliyoegeshwa kwa stendi yake na kukanyaga pedali ukimuiga fundi wa kunoa visu. Stendi yake imeimarishwa kwa kazi hiyo. Ile ya kawaida ni ya kuegesha tu. Isitoshe, gurudumu linalozunguka hewani haliupi moyo wala misuli kazi ya maana.

Fungua madirisha, weka maji karibu, na uanze na dakika 10. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha mara moja na umwone daktari.

UKIANGUKA LICHA YA HAYO YOTE

Mtu anayeanguka hutanguliza mkono. Ndiyo maana mifupa ya kifundo cha mkono na mtulinga huvunjika mara nyingi. Kama kuna maumivu kwenye kile kibonde kilicho chini ya kidole gumba, nenda ukapigwe picha hata kama unaweza kuusogeza mkono. Kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake huweza kufichika mwanzoni, na usipotibiwa huleta udhaifu wa kudumu.

Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni hadi mchanga wote utoke. Tope la barabarani huweza kuwa na viini vya pepopunda. Kama jeraha ni chafu na imepita zaidi ya miaka 5 tangu upate chanjo, au hukumbuki uliipata lini, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Aliyegonga kichwa na kuanza kutapika, kusinzia, kuchanganyikiwa, au kutokwa na damu au majimaji masikioni au puani, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kama shingo inauma, asiinuliwe na kupakiwa kwenye karia. Mwacheni alale alipo, mkinge na magari na mvua, na mtafute usafiri unaofaa. Kofia ngumu ya baiskeli hupunguza majeraha ya kichwa. Ivae.

JIPIME

Jibu maswali haya ukiwa umesimama kando ya baiskeli yako:

1. Njia yangu zaidi ni lami au udongo? Je, tairi langu linalingana nayo?

2. Namba ya tairi inalingana na ya ringi?

3. Mara ya mwisho kupima upepo ilikuwa lini?

4. Kati ya matairi yangu mawili, lililo bora liko mbele?

5. Kuna uvimbe, nyufa au nyuzi zinazoonekana?

6. Breki zinasimamisha baiskeli ikiwa imelowa?

Kama umesita kujibu hata swali moja, anza na hilo leo jioni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe huenda uko pembeni mwa tairi lako la mbele. Litazame kabla wingu halijafunga.